Mwembe unakauka upande mmoja na kisima kina harufu, je miti inaweza kutuonyesha kama maji yana sumu?

"Shikamoo mtaalamu. Tulinunua kiwanja huku Nyakato, Mwanza, tukajenga, upande wa juu yetu zamani palikuwa na gereji ya malori na tenki la mafuta lililofukiwa chini, siku hizi pamefungwa. Tuna kisima cha kuchimba kwa mkono, kama futi 28. Kiangazi maji yakipungua yanakuwa na kaharufu fulani na juu kunakuwa na rangi rangi kama mafuta. Mwembe ulio karibu na ukuta wa upande huo majani yanakauka upande mmoja, ila mwembe wa pili na mwarobaini viko kijani kabisa. Jirani ananiambia mti ukiwa kijani ujue maji ni salama. Mdogo wake mume wangu anasoma chuo, anasema miti inapimwa na inaonyesha kemikali zilizoko chini. Nani yuko sahihi? Nikate tawi nipeleke wapi? Na maembe watoto waendelee kula?"

Marahaba mdogo wangu. Kabla sijaingia kwenye miti naomba kitu kimoja, hayo maji ya kisima acheni kunywa na kupikia kuanzia leo mpaka yapimwe, chukueni ya bomba hata kama ni kwa ndoo kwa jirani. Sisemi yana sumu, sijayapima, ila gereji ya malori yenye tenki chini, iko upande wa juu, na kisima kifupi kinachotoa harufu, hivyo vitu vitatu vikikaa pamoja mimi mwenyewe nisingempa mwanangu kikombe.

Sasa miti. Shemeji yako yuko sahihi, jirani amekosea, lakini usahihi wa shemeji una mipaka ambayo nataka uielewe vizuri maana ndiyo itakayokuokolea hela.

Nianze na jirani, maana kauli yake naisikia kila mahali, kuanzia Igoma hadi Kirumba. Mti kuwa kijani hakuna maana kwamba maji ya chini ni masafi. Zile kemikali zinazotusumbua sana kwenye maji ya kunywa zinamdhuru binadamu kwa kiwango ambacho mti hauhangaiki nacho kabisa. Chukua benzeni, ambayo imo ndani ya petroli na inajulikana kusababisha saratani ya damu. Shirika la Afya Duniani linashauri maji ya kunywa yasizidi maikrogramu 10 kwa lita, yaani gramu moja tu kwenye matenki 100 ya lita 1000. Kwa kiasi hicho mwarobaini wako utastawi, utachanua na ndege watakaa juu yake bila shida yoyote. Mti unaanza kuonyesha dalili mambo yakiwa yameharibika sana, na hapo mara nyingi siyo hata sumu yenyewe inayouua, ni kukosa hewa. Petroli ikimwagika kwenye udongo bakteria wanaila, na wakati wanaila wanamaliza oksijeni yote iliyopo kule chini, mizizi inakosa pumzi, majani yanaanza kunyauka huku watu wanadhani ni ukame.

Na kinyume chake pia ni kweli, mti kukauka siyo ushahidi wa sumu. Huo mwembe wako ulio karibu na ukuta, hebu jiulize ukuta ulijengwa lini. Fundi akichimba msingi mita moja kutoka kwenye shina anakata mizizi ya upande huo wote, na kwa kuwa maji ndani ya mti kwa kiasi kikubwa yanapanda kwa mstari wake, mizizi ya upande fulani inanywesha matawi ya upande huo huo, mwaka mmoja au miwili baadaye utaona matawi ya upande wa ukuta yanakauka na upande mwingine unazaa kama kawaida. Miembe pia ina ugonjwa wa fangasi unaokausha matawi kuanzia ncha, na mchwa wapo. Kwahiyo dalili yako ina thamani kwangu, inaniambia upande gani niuangalie, lakini peke yake haitoshi kumnyooshea mtu kidole.

Tuje kwa shemeji. Anachokisema kipo na kinafanyika. Mwaka 1999 mtafiti mmoja wa Shirika la Jiolojia la Marekani, Don Vroblesky, na wenzake walichapisha kazi waliyoifanya South Carolina, walitoboa miti iliyoota juu ya maji ya chini yaliyochafuliwa na TCE, ile dawa ya kuondoa grisi kwenye vyuma, wakaikuta kemikali yenyewe ndani ya mbao. Toka hapo imekuwa njia inayojulikana, na shirika hilo hilo mwaka 2008 likatoa mwongozo wa namna ya kuchukua sampuli. Uzuri wake ni kwamba badala ya kuleta mashine ya kuchimba mashimo ishirini kutafuta uchafu umeelekea wapi, watu wawili wanazunguka siku moja na kifaa cha mkononi, wanatoboa miti iliyopo na jioni wana sampuli za eneo zima.

Inavyofanya kazi ni hivi. Mti ni pampu. Jua likiwaka majani yanapoteza maji, na yale yanayopotea yanavuta mengine kutoka chini kupitia mirija myembamba ndani ya shina, mti mkubwa wenye majani mengi unaweza kuvuta lita mia moja na zaidi kwa siku. Hauchoti sehemu moja kama ndoo ya kisima, mizizi imetawanyika, kwahiyo kinachopanda kwenye shina ni mchanganyiko wa eneo zima unalokalia mti. Na siyo maji tu, mizizi inaweza kunasa hata mvuke wa kemikali unaopanda kwenye udongo kutoka kwenye maji machafu yaliyo chini zaidi.

Lakini mzizi una mlango wake na hauruhusu kila mgeni, hapa ndipo watu wengi wanapopotea. Karibu na katikati ya mzizi kuna safu ya seli iliyojipanga kama ukuta, ambayo maji lazima yapite ndani yake. Kemikali inayopenda maji sana, kama chumvi chumvi na metali nyingi, inazuiwa au inachaguliwa hapo. Kemikali yenye mafuta mengi, kama dizeli nzito na oili chafu, inanata kwenye ngozi ya mzizi kama masizi kwenye sufuria, haipandi. Zinazopita vizuri ni zile za katikati, molekuli ndogo, zinayeyuka kwenye maji kiasi na kwenye mafuta kiasi. TCE na dawa ya kufulia nguo za dry cleaner ziko hapo hapo katikati. Benzeni nayo iko hapo kwa maumbile yake, ila ina shida nyingine, kwenye udongo wenye hewa bakteria wanaozunguka mizizi wanaila kabla haijapanda. Ndiyo maana kwa uchafu wa petroli mti unaweza kukupa jibu la "hakuna" wakati chini ipo. Ukiikuta kwenye mti, amini ipo. Usipoikuta, bado hujui kitu.

Kwa kesi yako basi, gereji ya malori inaweza kuwa imeacha vitu vya aina tofauti na kila kimoja kina tabia yake. Petroli kama ilikuwepo ni nyepesi, inaelea juu ya maji ya chini, ndiyo maana ukiwa na kisima kifupi wewe ndiye unakutana nayo. Dizeli nayo inaelea ila inatembea taratibu na mti hautakuambia lolote la maana juu yake. Dawa za kuoshea grisi, kama walizitumia, ni nzito kuliko maji, zinazama mpaka zinakutana na mwamba, na hizo ndizo mti unazikamata vizuri. Halafu kuna risasi, ile metali ya sumu (lead), ya betri na ya petroli ya zamani, maana mpaka mwisho wa 2005 petroli yenye risasi ilikuwa bado inauzwa huku kwetu kusini mwa Sahara, hiyo inakaa kwenye udongo wa juu, haiendi mbali, na mti siyo kipimo chake. Risasi ni ya kuangalia pale watoto wanapochezea na pale unapolima mchicha.

Zebaki naigusia kidogo kwa sababu sisi Kanda ya Ziwa tuna dhahabu na swali hili litafuata tu. Watu wanadhani mti ulioko karibu na wachenjuaji, wale wanaotumia zebaki kunasa dhahabu, ukikutwa na zebaki maana yake imetoka ardhini. Sehemu kubwa haitoki huko. Zebaki ikichomwa inakuwa mvuke, majani yanaivuta kutoka hewani, ndipo inashuka kwenye shina, na ile ya ardhini nyingi inabaki kwenye mizizi. Kwahiyo zebaki kwenye mti inakupa habari za hewa ambayo watu wa hapo wanavuta, na hiyo ni habari mbaya vilevile. Dhahabu yenyewe ndiyo imewahi kukutwa kwenye majani ikitokea chini, mwaka 2013 watafiti wa Australia waliikuta kwenye mikaratusi iliyoota juu ya mwamba wenye dhahabu zaidi ya mita 30 chini, ila ni chembe ndogo sana, asije mtu akaanza kuvuna majani.

Umeuliza ukate tawi upeleke wapi. Usikate tawi. Hizi kemikali zinaruka kama petroli inavyoruka kwenye kitambaa, zinatoka kupitia gome kadiri maji yanavyopanda, kwahiyo shina la chini linakuwa na nyingi na tawi la juu linaweza lisiwe na kitu, na hata hicho kidogo kilichopo kitaishia njiani ukiwa kwenye daladala. Namna inavyofanyika, mtaalamu anatumia keekee ya misitu, bomba la chuma lenye ncha inayokata, anazungusha kwa mkono usawa wa kama mita moja kutoka ardhini, anatoa kipande chembamba unene wa mrija wa soda, urefu wa sentimita chache, na kabla ya dakika moja kiwe kimeshaingia kwenye kichupa cha kioo na kufungwa kwa kifuniko kisichopitisha hewa. Kinakaa mpaka kesho yake, mvuke unatoka kwenye mti unajaa ndani ya kichupa, maabara inavuta ile hewa ya juu inaipitisha kwenye mashine ya kromatografia ya gesi, inayotenganisha kemikali moja moja na kuzipima. Anachukua pia kichupa cha hewa ya pale pale uwanjani, maana kama jirani anapuliza rangi ya gari siku hiyo utapata jibu la uongo, na anachukua kipande kwenye mwembe mwingine wa mtaa wa mbali usio na historia ya gereji, ili awe na wa kulinganisha. Mwembe unalinganishwa na mwembe, mwarobaini na mwarobaini, kila aina inakunywa kwa namna yake. Mgomba haufai kwa hili, hauna mbao, na mpapai shina lake lina uwazi katikati.

Msimu nao una maneno. Ukitoboa wiki ya mvua kubwa mti unakunywa maji mapya ya juu na jibu linapungua, kwa hapa Mwanza mimi ningesubiri Juni mpaka Agosti, udongo wa juu umekauka, mwarobaini bado una majani na mizizi yake inalazimika kwenda chini. Kuna watu watakuambia pia wanaweza kusoma pete za mti wakajua uchafu ulianza mwaka gani. Kwenye nchi za baridi kali hilo linafanyika, pete zinahesabika. Kwa mwembe wa huku ambao hauna majira ya baridi ya kuusimamisha, pete haziaminiki, usilipie hiyo huduma.

Sasa ushauri wangu wenyewe, na hapa nitatofautiana kidogo na shemeji. Faida kubwa ya kupima mti ni kukuepusha kuchimba shimo ili ufikie maji ya chini. Wewe shimo unalo tayari, futi 28! Kwanini umuulize mti juu ya maji ambayo unaweza kuyachota mwenyewe? Anza na maji. Mti uje baadaye, kama maji yatakutwa na tatizo na tunataka kujua linatokea upande gani na limefika kwa majirani wangapi wasio na visima, hapo miti ya mtaa mzima itakuwa na kazi nzuri sana, na hasa huku kwetu ambako chini ni mawe ya graniti na maji yanapita kwenye nyufa. Kwa kawaida yanateremka kuelekea ziwani lakini ufa unaweza kuyapeleka pembeni, ramani ya kukisia kwa macho inadanganya.

Kuna kipimo kimoja unaweza kufanya leo bila hela. Ile rangi rangi juu ya maji, chota kwenye beseni, tulia, kisha uiguse kwa kijiti. Ikivunjika vipande vipande kama kioo chembamba na vipande visirudiane, mara nyingi hiyo ni kazi ya bakteria wa chuma, wapo sana kwenye visima vya mabondeni na kandokando ya ziwa, na hawatokani na mafuta. Ikijizungusha ikafunga tena pale ulipogusa, hayo ni mafuta. Niliwahi kwenda kwenye familia moja mwambaoni walikuwa wameshafukia kisima nusu kwa sababu ya ile rangi, nikagusa kwa kijiti ikavunjika kama ganda la yai, watu wamepoteza kisima bure. Ila kwako wewe kuna harufu na kuna historia, kwahiyo hata ikivunjika bado maji yapimwe.

Nakuomba pia usiwashe kiberiti karibu na mdomo wa kisima, usishushe pampu ya injini, na mtu yeyote asiingie ndani kusafisha. Mvuke wa mafuta unakaa chini na unasukuma hewa, mtu anaanguka kabla hajapiga kelele na anayemfuata kumuokoa anaanguka naye.

Harufu yenyewe isiwe kipimo chako. Pua inaanza kuisikia benzeni kwenye maji ikiwa imeshapita kile kiwango cha 10 mara nyingi sana, kwahiyo mvua ikinyesha harufu ikapotea usirudi kunywa. Kuchemsha nako hakusaidii namna watu wanavyodhani, kunaua vijidudu, lakini hizi kemikali zinapanda na mvuke na wewe uliyeinama jikoni ndiyo unazivuta, na metali zinabaki kwenye sufuria. Dawa ya klorini ya kutibu maji, shabu, mbegu za mlonge, vyote vina kazi yake nzuri ya vijidudu na tope, petroli haviigusi.

Pa kupeleka. Maabara ya maji ya Wizara ipo hapa hapa Mwanza, na Mkemia Mkuu wa Serikali ana maabara ya Kanda ya Ziwa pia hapa. Kabla hujabeba chochote nenda au piga uulize, "mnaweza kupima benzeni na jamii yake, na vimumunyisho vyenye klorini?" Hivyo vimumunyisho ndiyo zile dawa za kuondoa grisi kama TCE. Sema hivyo hivyo, maana ukisema tu "nataka kupima maji" watakupimia chumvi, kiwango cha asidi na vijidudu vya kinyesi, utapewa karatasi iliyoandikwa maji safi, na kitu ulichokiogopa hakijapimwa. Kama mashine haipo hapa waulize wanaituma wapi. Chupa wakupe wao, ni ya kioo, inajazwa mpaka pomoni bila kiputo cha hewa hata kimoja kubaki chini ya kifuniko, inawekwa kwenye barafu na inafika haraka. Chupa ya plastiki ya maji ya dukani haifai kabisa, kama ni hiyo tu heri usipeleke. Chota mwisho wa kiangazi wakati harufu imekolea, siyo baada ya mvua.

Ikionekana kuna tatizo, usiishie kufunga kisima. Peleka taarifa kwa maandishi NEMC, wasimamizi wa mazingira wa taifa, na Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Victoria, wote wana ofisi Mwanza, na kwa kuwa kuna tenki la mafuta chini, EWURA, wasimamizi wa nishati na maji, nao wanahusika. Pitia kwa mwenyekiti wa mtaa ili barua iwe ya watu wa mtaa, maana tenki kama linavuja haliwahusu ninyi tu. Na kama mtoto ana kizunguzungu, anaumwa kichwa mara kwa mara, amepauka au anachubuka hovyo bila kugongwa, mpelekeni hospitali na mumwambie daktari habari ya kisima, asikisie malaria peke yake. Mkianza kusikia harufu hiyo hiyo ndani ya chumba cha upande wa ukuta, fungueni madirisha, hameni kile chumba, na hilo ni la kutafuta mtu aje siku hiyo hiyo.

Maembe. Kwa hizi kemikali zinazoruka sehemu kubwa inapotelea kwenye gome na majani kabla haijafika kwenye tunda, kwahiyo embe halinitishi kama kikombe cha maji kinavyonitisha. Mkisubiri majibu, ya mwembe wa ukutani yaacheni, ya ule wa pili osheni kwa maji ya bomba, menyeni, kuleni. Mchicha na matembele yaliyo karibu na ukuta ndiyo ningeyasimamisha, kwa ajili ya ule udongo wa juu unaorukia majani mvua ikinyesha.

La mwisho, kuna fundi atakuja kukushauri muukate ule mwembe kwa sababu umeharibika. Msiukate kwanza. Mti ukikosa majani unaacha kuvuta, na kilichomo kwenye shina kinaondoka. Uacheni hivyo ulivyo mpaka majibu ya maji yatoke, upigeni picha leo, upande unaokauka na upande mzima, kisha pigeni tena kila mwezi mkiwa mmesimama pale pale. Ukipata karatasi ya maabara nitumie pamoja na hizo picha na mwaka mliojenga ukuta, tutaisoma wote.